Je, Ni Damu ya Ukoo Ao Ni Chungu cha Nyumbani?



Sema kijana wako amepata mchumba hapa Kasuku. Binti ni wa adabu, anaimba katika koro ya parokia, anajua shamba na anajua soko. Wazee wamekaa, mali imetajwa, siku ya kuipeleka imepangwa. Halafu, siku mbili mbele, shangazi ya kijana anakuvuta nyuma ya nyumba na kukuambia kwa sauti ya chini: "Mulichunguza ile jamaa muzuri? Kaka yake anatembea na fimbo mbili. Mama yake mudogo naye, miguu ilikatala. Ile bugonjwa iko mu damu yabo. Bajukuu yako batazaliwa vile vile."

Na kama hakusema damu, atasema bulozi.

Posa inakufa pale pale. Binti hataelezwa sababu. Ataisikia kisimani ao kwenye kivuko cha kwenda Alunguli, kutoka kinywani mwa wengine. Na yule mama mdogo asiyetembea ndiye atakayetazamwa kwa jicho baya, kana kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango wa ndoa.

Tusimcheke shangazi. Swali lake ni la kweli, na wataalamu wa ubongo wamelifanyia kazi miaka mingi: ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukiingia katika nyumba moja na kupiga watu wawili ao watatu, je, unapita katika damu, ao unatoka kwingine? Jibu si moja. Kuna magonjwa yanayopita katika damu kweli. Kuna mengine yanayofanana nayo kwa macho, lakini damu haina kosa. Mmoja wa watu waliochunguza sana hayo ya pili ni Mkongomani mwenzetu, daktari Désiré Tshala-Katumbay, mtaalamu wa ubongo na mishipa ya fahamu. Tutafika kwake. Kwanza tuone yale ya damu.

YALE YANAYOPITA KATIKA DAMU

Huko Marekani kuna mwanamke msomi anayeitwa Nancy Wexler. Mama yake alikuwa na ugonjwa unaoitwa Huntington, akafa nao mwaka 1978. Ugonjwa huo unaua sehemu za ubongo pole pole. Mara nyingi mtu anaanza kuugua akiwa na miaka kati ya 30 na 50, amekwisha kuoa na kuzaa. Mikono na miguu inarukaruka yenyewe kama mtu anayecheza ngoma asiyoisikia mwingine. Hasira inakuja bila sababu, akili inapungua, kumeza chakula kunakuwa shida. Hali hiyo inaendelea miaka 15 hata 20, mpaka kifo.

Wexler na wenzake walikwenda Venezuela, kwenye vijiji vya wavuvi kando ya ziwa Maracaibo, ambako kuna jamaa kubwa kubwa zenye ugonjwa huo. Mwaka baada ya mwaka walikaa na watu, wakaandika nani amezaliwa na nani, wakachukua damu kidogo kwa kila mmoja aliyekubali. Mwaka 1983 wakajua mahali ugonjwa unapojificha katika mwili: ni kwenye kromosomu ya nne. Mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana.

Jeni ni nini? Chukua kitabu ambacho kila mtu anazaliwa nacho, nusu ameandikiwa na baba, nusu na mama, kinachoambia mwili namna ya kujijenga. Jeni ni ukurasa mmoja wa kitabu hicho. Katika ugonjwa wa Huntington, ukurasa mmoja una neno fupi la herufi tatu lililorudiwa mara nyingi mno. Kwa mtu mzima wa afya linarudiwa mara 20 hivi. Likifika mara 40 na kupita, ugonjwa utakuja.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mzazi mwenye jeni hiyo, kila mtoto wake anarushiwa makuta hewani: upande mmoja ataipata, upande mwingine ataikosa. Si kwamba nusu ya watoto lazima wagonjwe. Anaweza kuzaa watano na wote wakapona, ao wanne wakaipata. Aliyeikosa hawezi kuipitisha kwa watoto wake. Kwake mambo yamekwisha. Na baba anaipitisha sawasawa na mama. Nimeisema hii kwa makusudi, sababu huku kwetu kila kilema cha mtoto kinatupwa mgongoni mwa mama, hata pale damu ya baba ndiyo yenye deni.

Basi shangazi ana haki ya kuuliza. Lakini tazama alama za ugonjwa wa namna hiyo: unakuja pole pole, unazidi mwaka kwa mwaka, na unashuka kutoka kwa mzazi mpaka kwa mtoto. Mama mdogo wa yule binti, je, ndivyo alivyougua?

MIGUU ILIYOFUNGWA

Huko magharibi mwa inchi yetu, katika Kwango, watu wa kabila la Wayaka wana jina: konzo. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari ya ugonjwa huo mwaka 1938, wakati wa Wabelgiji, lakini wenyeji walikuwa wameujua.

Mtu analala mzima. Pengine ametembea mbali jana, pengine alichoka kazi ya shamba. Asubuhi anataka kusimama, miguu inatetemeka, magoti yanagongana, anaanguka. Katika saa chache ao siku chache mambo yamekwisha kufanyika. Miguu yote miwili inakuwa migumu kama mti, sawa kuume na kushoto. Akiweza kutembea, anatembea kwa vidole, magoti yakipishana kama mikasi. Mwingine anahitaji fimbo moja, mwingine mbili, mwingine atatambaa maisha yake yote. Wengine macho na ulimi vinaguswa pia. Halafu ugonjwa unasimama hapo. Hauzidi, lakini haurudi nyuma, na hakuna dawa ya kuuondoa.

Wanaopigwa zaidi ni watoto waliopita miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mtoto anayenyonya bado hapigwi. Na tena, unapiga katika nyumba zile zile: mama na mtoto, ndugu na ndugu. Mtu akiona hayo atasema nini? Atasema damu. Atasema bulozi. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza kama kosa ni lake ao la wazazi wake; swali hilo halijachoka kutembea, linatembea hata leo kwenye avenue zetu.

Waganga nao walihangaika. Wengine walifikiri ni polio. Wengine walitafuta virusi katika damu ya wagonjwa, hawakupata. Polio inaacha mguu mmoja mlegevu, mwembamba, kama kamba. Konzo inaacha miguu miwili migumu. Ni vitu viwili.

Kilichofungua macho ni ukame. Mwaka 1981 mvua ilikatala kaskazini mwa Msumbiji, katika jimbo la Nampula, na watu zaidi ya elfu moja wakafungwa miguu katika miezi michache. Mwaka 1985 ikawa Tarime, kaskazini mwa Tanzania, inchi ya dhahabu: wagonjwa 39 walionekana, na daktari mmoja wa hospitali ya misioni ya Wamenoni huko Shirati alikuwa kati ya waliowachunguza. Damu ya ukoo haiwezi kungojea ukame. Waganga wakaanza kutazama ndani ya chungu.

Ndani ya chungu kulikuwa muhogo mchungu, uliotayarishwa haraka, na hakuna kingine.

Muhogo mchungu una sumu inayoitwa sianidi. Wewe unayeishi karibu na madini labda umelisikia jina hilo: ni dawa ile ile ambayo makampuni yanatumia kuyeyusha dhahabu kutoka katika mchanga. Mmea unaifanya kwa kujilinda na panya na wadudu. Wazee wetu walijua namna ya kuitoa: kulowesha siku tatu ao zaidi katika maji, kumenya, kukausha, kutwanga. Kidogo kinachobaki, mwili wenyewe unaweza kukiua, lakini kwa kazi hiyo mwili unahitaji salfa, na salfa inatoka katika nyama, samaki, mayai, maharagwe. Sumu ikageuzwa na kutoka na mkojo. Mtu anayekula bugali ya muhogo mchungu kila siku na sombe peke yake, bila samaki, bila maharagwe, mwili wake hauna silaha. Sianidi inafika kwenye mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka ubongo kwenda kuamuru miguu, inaiharibu.

Ndiyo sababu nyumba moja inapigwa. Wanakula chungu kimoja.

Sasa kuna jambo la kuhuzunisha ambalo linatuhusu sisi watu wa madini. Katika Bandundu ya zamani, wachunguzi Thorkild Tylleskär na Hans Rosling kutoka Sweden, pamoja na Wakongomani, waliona mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba konzo ilifuata barabara. Serikali ilitia lami barabara ya kwenda Kinshasa, malori yakaanza kupita, muhogo ukawa feza. Bamama wakapunguza siku za kulowesha, kutoka tatu mpaka moja, kusudi wapate kuuza. Ubaya haukuwa ndani yao. Mtoto alihitaji minerval, lori halingojei.

Tena si ya magharibi peke yake. Mwaka 2011 waganga waliandika kwamba konzo imeonekana Kivu ya Kusini, jirani yetu, huko Burhinyi, kati ya watu waliovurugwa na vita. Nawe mzee wa Kindu unakumbuka mwaka 2002, mji ulipozungukwa, watu wakashindwa kwenda mashambani. Wakati kama ule, nani anangojea siku tatu?

KAZI YA DAKTARI TSHALA-KATUMBAY

Alisoma udaktari Kinshasa, akaendelea Sweden, leo anafundisha na kuchunguza katika chuo kikuu cha afya cha Oregon, Marekani, huku akifanya kazi pamoja na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiolojia ya Kinshasa. Angeweza kuchagua magonjwa ya matajiri. Alichagua Kahemba, huko mpakani na Angola, inchi ya almasi na ya mihogo, ambako konzo ni nyingi kuliko mahali pengi duniani.

Yeye na wenzake walipima njia za mishipa ya fahamu za wagonjwa kwa mashine inayoamsha ubongo na kungoja jibu kwenye mguu. Jibu lilichelewa ao halikuja: njia imekatika juu, mguu wenyewe hauna kosa. Mwaka 2013 wakatoa habari iliyoshtua wengi. Walipima akili ya watoto wa Kahemba kwa michezo na maswali: kukumbuka, kupanga, kufikiri. Watoto wenye konzo walikuwa nyuma. Lakini watoto wa vijiji vile vile wanaokimbia na kucheza mpira nao walikuwa nyuma kuliko watoto wa kijiji kisicho na konzo. Maana yake sumu inagusa ubongo wa mtoto hata kama miguu haijafungwa. Mzazi anayemwita mtoto wake mjinga shuleni, afikiri kidogo juu ya chakula chake.

Halafu wakakutana na swali gumu. Katika nyumba moja, chungu kimoja, kwa nini mtoto huyu anafungwa na ndugu yake anapona? Mwaka 2017 waliandika kwamba wale wenye konzo, mwili wao unatoa sianidi kwa mwendo wa pole kuliko wengine. Mwaka 2021 wakaandika juu ya vijidudu vinavyoishi katika matumbo: watoto wa Kahemba wana vijidudu tofauti na watoto wa Kinshasa, na inaonekana vingine vinasaidia sumu kutoka katika muhogo ndani ya tumbo.

Hapa shangazi atapiga mikono: "Nilisema miye! Mwili wa huyu si kama wa yule!" Ndiyo, shangazi, miili haifanani. Mmoja atalowa kwa mvua na kupata homa, mwingine hapana. Lakini pasipo mvua hakuna anayelowa. Ondoa sianidi, tia maharagwe katika sahani, na ule mwili dhaifu utazeeka bila kujua kwamba ulikuwa dhaifu. Kwa ugonjwa wa Huntington huwezi kusema hivyo: ule unakuja hata ukila nyama kila siku.

UNGA ULIONUNUA

Kwetu Maniema tuna bahati ya mchele, na mto unatupa samaki. Lakini mchimbaji anayelala kwenye karière kule Kailo ao Punia anakula anachoweza kununua, na anachonunua mara nyingi ni unga wa muhogo uliofika juu ya kinga, umetoka mikono mingi. Hajui ulilowekwa siku ngapi. Unga mweupe unaweza kuwa mbaya, unga wa kijivu unaweza kuwa mzuri. Inchi nyingi zinafuata kipimo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga isipite, lakini hakuna anayebeba kipimo hicho sokoni.

Kuna njia, na haigharimu hata franka moja. Aliitafuta mzee wa Australia, profesa Howard Bradbury, na watu wa mpango wa taifa wa lishe wakiongozwa na daktari Jean-Pierre Banea wakaijaribu katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, kuanzia mwaka 2010. Wanawake walifundishwa, wakaifanya, na wakati wa kazi hiyo hakuna mgonjwa mpya wa konzo aliyeonekana kijijini.

Inafanywa hivi. Mimina unga mkavu katika beseni, sawazisha, weka alama ndani ya beseni pale unga unapofika. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga. Mwanzo unga utashuka chini ya alama. Endelea kutia maji mpaka urudi kufika pale pale kwenye alama. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka ao bashi safi, mwembamba, usipite unene wa kidole kimoja. Uache saa mbili juani ao saa tano kivulini. Sianidi inatoka kama hewa na kwenda zake. Siku ile ile pika bugali yako. Wanawake wa Popokabaka walisema hata ladha ni nzuri zaidi, hauna uchungu.

Mchimbaji anaweza kufanya hivyo mwenyewe kambini, asingojee mama wa soko atubu. Na wewe unayenunua kwa jumla, ukitaka muhogo wa siku tatu, lipa bei ya siku tatu. Huwezi kumbana mama kwa bei na kumlaumu kwa haraka.

Sombe twanga vizuri, chemsha mbio na muda mrefu bila kifuniko. Tia maharagwe, karanga, ndakala, chochote kilichopo, hasa kwa watoto na mama mwenye kunyonyesha. Mtoto akianguka miguu kwa ghafula, usimpeleke kwa mufumu achanjwe. Mpeleke kwenye sentre ya afya siku ile ile, maana inaweza kuwa polio, na polio ilionekana tena hapa Maniema mwaka 2017. Muganga lazima ajue. Yule ambaye konzo imekwisha kumfunga, apewe fimbo nzuri, anyooshwe miguu kila siku, arudishwe shuleni ao kazini ya kukaa. Wengine wamesaidiwa kwa kupasuliwa mshipa wa kisigino. Na unga wake uangaliwe kuliko wa wote, sababu konzo inaweza kumpiga mara ya pili.

Basi turudi kwa shangazi, ambaye bado anangoja nyuma ya nyumba. Kabla ya kurudisha mbuzi, mtume aulize vizuri kwa jamaa ya binti, kwa heshima, mambo matatu. Mama mdogo aliugua kwa siku moja ao kwa miaka? Tangu pale, miguu imezidi kuharibika ao imebaki vile vile? Na mzazi wake, bibi ao babu, aliugua namna ile?

Kama ulikuja pole pole, ukazidi, na bibi naye aliugua hivyo, kijana na binti wana haki ya kujua kabla ya kufunga ndoa, na waende kwa daktari wa hospitali kubwa, si kwa mufumu. Kama ulikuja asubuhi moja, ukasimama pale pale, na kaka ya binti alianguka mwaka ule ule, basi shangazi aulize tena: mwaka ule mulikuwa munakula nini, na mihogo ililala siku ngapi mu maji?